Panga la zamani la Marekani: soma mhuri kabla ya kutoa pesa

Ukikuta panga la zamani kwenye mnada wa vitu vya marehemu huku Marekani, muuzaji atakuambia mambo mawili: ni la Vita Kuu ya Pili, na ni Collins, yaani la kampuni ya Marekani iliyosifika kwa mapanga. La kwanza huwa kweli mara kwa mara. La pili linataka tochi.

Nasema hivyo kwa sababu nilishalizwa. Nilinunua panga lililopakwa rangi nyeusi, jina Collins likionekana vizuri ubavuni, nikalipa bila hata kuomba punguzo. Nyumbani nikalisugua kwa mafuta na stilwaya laini, na chini ya rangi yakatokea maneno "Hecho en México", yaani limetengenezwa Mexico. Ni panga zuri, bado nafyekea nalo, lakini silo nililolipia.

Collins walianza mwaka 1826 kando ya mto Farmington, Connecticut, wakitengeneza mashoka. Mapanga yalikuja baadaye, wakayauza Amerika ya Kilatini mpaka katika baadhi ya sehemu jina lao likageuka kuwa jina la panga lenyewe. Kiwanda cha Collinsville kilifungwa mwaka 1966, lakini jina halikufa. Mapanga yenye jina hilo yameendelea kutoka nchi nyingine. Kwa hiyo tafuta nembo ya mkono wenye nyundo ukichomoza kwenye taji, pamoja na neno Legitimus, maana waigaji walikuwa wengi. Kisha tafuta nchi, pande zote mbili za bapa, kwa sababu viwanda vya nje navyo viliutumia mhuri huo.

Sasa mpangilio wangu. Namba moja, kwa mtu anayetaka kutumia, ni panga la jeshi la inchi 18 la miaka ya vita. Watengenezaji walikuwa Collins, Disston wa Philadelphia, True Temper na wengine. Karibu na mpini utaona U.S., jina la mtengenezaji na mwaka, mfano 1943. Yalitengenezwa mengi, kwa hiyo bado unapata la bei ya kawaida, na likinolewa kwa tupa linashika makali siku nzima.

Namba mbili ni panga la kampuni ya Ontario Knife la baada ya vita, kutoka Franklinville, New York. Umbo ni lilelile la jeshi. Bapa lina unene wa kama milimita 3, chuma chenye kaboni nyingi, zito kidogo mkononi. Wakusanyaji hawalihangaikii sana, na hiyo ndiyo faida yako.

La tatu ni Collins ya shambani, yenye mpini wa pembe au mbao. Hili ndilo zuri kuliko yote kulitazama, na mwenye moyo wa kukusanya ataliweka la kwanza. Tatizo ni hali yake: mengi yalifanya kazi ya miwa maisha yote, yakanolewa mpaka bapa likabaki jembamba kama kisu cha samaki. Linganisha upana karibu na mpini na upana wa katikati; katikati pakiwa pamebonyea kwa ndani, umechelewa.

Mwisho naweka kile kipanga kifupi cha Collins namba 18 (hiyo ni namba ya modeli, si inchi), kilichobebwa na wanamaji (Marines) wa Marekani vitani. Bei imepanda, na bei ikipanda bandia hufuata. Kama huna mtu wa kukushikia mkono, kiache.

Lolote utakalochagua, lishike ncha ikielekea mbali nawe, funga jicho moja, utazame mgongo wake kama fundi anavyotazama ubao. Likipinda polepole unaweza kulinyoosha. Likiwa na kona, liache. Gonga bapa kwa ukucha. Mlio mrefu ni dalili njema, mlio wa kutetema unakuambia misumari ya mpini imelegea, na hiyo ni kazi ndogo. Kinachoniogopesha zaidi ni doa la rangi ya bluu kwenye makali. Hapo mtu alitumia mashine ya kunolea, chuma kikapata moto, ugumu ukatoka. Hautarudi kwa kunoa. Kutu ya juu juu haina shida, vishimo karibu na makali ndivyo vyenye shida. Na usilipe zaidi kwa sababu linang'aa: aliyeling'arisha huenda ndiye aliyefuta nusu ya mhuri.

Ala ya turubai au ngozi ikiwa na mwaka unaokaribiana na wa panga, ongeza pesa bila kinyongo. Ila ukifika nalo nyumbani usilihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hutunza unyevu, na miezi michache inatosha kuchora ramani ya kutu kwenye bapa lililokaa salama tangu vita. Paka mafuta, litundike wazi.