Umeumwa na mbu, unawashwa: dawa ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtu anayewashwa hanunui kwa utulivu. Anaingia duka la dawa huku anajikuna kiwiko, anasema "nipe cha kuwashwa", na anatoka na chochote alichopewa. Nimefanya hivyo mara nyingi mno. Siku hizi sitaji jina la kampuni nikifika dukani. Nataja kiambato ninachokitaka, kisha nasoma maandishi madogo kwenye boksi kabla ya kulipa. Mpangilio huu wa dawa, kuanzia ninayoipendelea zaidi hadi ya kuiacha, umetokana na zoea hilo, na pia na kuelewa mwasho wenyewe unatoka wapi.

Anayeuma ni mbu jike, kwa sababu anahitaji damu ili atunge mayai. Akidunga, anaingiza mate yenye protini zinazozuia damu kuganda. Mwili unazitambua protini hizo kuwa ni ngeni na kumwaga histamini, kemikali inayoleta uvimbe na mwasho. Mishipa midogo inavuja maji, ngozi inainuka, neva zinaamka. Hicho ndicho kipele cha kwanza, kile laini kinachotokea baada ya dakika chache. Mara nyingi hufuatwa na cha pili, kigumu zaidi, kinachojitokeza kesho yake na kuwasha kwa siku kadhaa. Kwenye ngozi nyeupe huonekana chekundu. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama doa jeusi lililoinuka. Vipele hivi viwili havitulizwi na dawa moja, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Kabla hujanunua kitu, osha mahali hapo kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 10. Kama ni kipele kimoja au viwili, huenda usihitaji kingine.

Nafasi ya kwanza: krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1

Ningeambiwa niweke kitu kimoja tu kwenye sanduku la dawa nyumbani, ningeweka tyubu ndogo ya hii. Ni steroidi hafifu. Inatuliza uvimbe wenyewe, kwa hiyo ndiyo inayokiweza kile kipele kigumu cha siku ya pili ambacho dawa nyingine hukigusa juu juu tu. Paka utando mwembamba, mara moja au mbili kwa siku, usizidishe siku 7. Kipele kimoja kinatosheka na tone dogo kama punje ya mchele. Usiipake usoni wala karibu na macho, usiipake palipochubuka, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 10 muulize kwanza mfamasia au daktari.

Hapa naomba uniazime masikio, maana ndipo watu wanapoumizwa. Kwenye rafu hiyohiyo kuna tyubu zinazofanana na hii lakini zina betamethasoni au klobetasoli, steroidi zenye nguvu kubwa sana kwa kipele cha mbu. Nyingine zimechanganywa steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tyubu moja. Niliwahi kuuziwa mchanganyiko wa namna hiyo kwa ajili ya miguu ya mwanangu, na niligundua nilipofika nyumbani na kusoma boksi. Mwasho unaondoka kweli, tena haraka, ndiyo maana watu huirudia. Lakini ikitumiwa kwa muda mrefu ngozi hukonda, hubadilika rangi, na mistari inaweza kubaki daima. Ukiona majina hayo, mrudishie muuzaji na umwambie wazi: nataka haidrokotizoni peke yake, asilimia 1.

Nafasi ya pili: vidonge vya kuzuia histamini

Hivi nunua kama umeumwa sehemu nyingi, au wewe ni mtu ambaye kila akiumwa huvimba vibaya. Setirizini ya miligramu 10 au loratadini ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku, kwa mtu mzima na mtoto wa kuanzia miaka 12. Walio chini ya hapo wana dawa ya maji na vipimo vyao, muulize mfamasia. Vinafanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, kabla ya jioni unayojua utaumwa, kuliko baada ya mwili mzima kuwaka.

Klofeniramini nayo inazuia histamini, na imezoeleka sana, ila inaleta usingizi mzito. Dereva na anayefanya kazi na mashine aiache. Setirizini pia huwasinzisha baadhi ya watu, ingawa kwa kiasi kidogo, kwa hiyo kidonge cha kwanza kimeze usiku. Mjamzito, au mwenye tatizo la figo, aseme hivyo dukani kabla ya kununua.

Nafasi ya tatu: losheni ya kalamini

Ni ile ya rangi ya waridi, yenye zinki oksaidi na oksaidi ya chuma kidogo inayoipa rangi. Haibadilishi chochote ndani ya mwili. Inapoza ngozi inapokauka, basi. Lakini kwa mtoto aliyejaa vipele miguu yote miwili, ambapo hutaki kupaka steroidi kila mahali, naipenda kuliko zote. Tikisa chupa kwanza, maana dawa hutuama chini. Usipake kwenye kidonda wala karibu na macho, na ujue itachafua shuka.

Nafasi ya nne: kalamu ya joto

Ni kifaa kidogo kinachogusa ngozi kwa joto la nyuzi 50 hivi kwa sekunde chache. Hakina dawa ndani yake, na baadhi ya watu hupata nafuu papo hapo, hasa kikitumika mara tu baada ya kuumwa. Kisitumike kwa mtoto ambaye hawezi kusema "inaniunguza", wala kwa mtu ambaye ngozi yake imekufa ganzi. Kijiko kilichochovywa kwenye maji moto si mbadala wake: joto lake hulijui, na ngozi huungua.

Mafuta ya mentholi na kafuri nayaweka chini ya hapo. Ubaridi wake unaidanganya neva kwa muda mfupi, kisha mwasho unarudi. Kafuri ikimezwa na mtoto inaweza kumletea degedege, kwa hiyo chupa ikae juu, mbali na mikono midogo, na mtoto mchanga asipakwe kabisa.

Ya mwisho: krimu ya kuzuia histamini

Difenhidramini ya kupaka inaonekana ni chaguo la akili, lakini inaweza kuifanya ngozi yenyewe ipate mzio, ukaishia na mwasho mpya juu ya ule wa zamani. Vidonge vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Vya jikoni, niseme kwa kifupi: uji mzito wa soda ya kuokea na maji, ukae dakika 10 kisha uoshwe, unasaidia. Dawa ya meno na siki huchoma. Limau ni baya zaidi, kwa kuwa maji yake yakipigwa na jua ngozini huweza kuunguza.

Kuna hali ambazo hazina cha kununua. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni hospitali mara moja. Kipele kikizidi kuuma, kikawa cha moto, kikatoa usaha au uvimbe ukatambaa, kimeingia vijidudu na kinahitaji daktari. Na homa ikikujia baada ya kuumwa mahali penye malaria, nenda ukapimwe. Ukubwa wa kipele hausemi lolote kuhusu mbu huyo alibeba nini.

Kwa mtoto anayejikuna usingizini, kata kucha jioni, paka kalamini miguuni, iache ikauke kabisa, kisha funika kile kipele kinachomsumbua zaidi kwa plasta. Asubuhi utakikuta hakijachubuliwa.