Mustang ya 1965 na 1966: ununue nini kwanza ili itulie barabarani

Aliyezoea Corolla akikaa kwenye Mustang ya 1966, hushtuka kona ya kwanza tu. Anazungusha usukani, anaongeza, pua inajishauri kwanza, halafu gari lote linalala ubavu kama dau lililopigwa na wimbi. Gari si bovu, limezaliwa hivyo. Ford walipolizindua Aprili 1964, miguu yake waliitoa kwa Falcon, gari la familia la bei nafuu, wakaivalisha bodi ya kutamanisha.

Hapa Marekani ninakoishi, vipuri vyake vimejaa tele, na tatizo linaanzia hapo hapo. Unafungua katalogi kutafuta bushi, unatoka na seti nzima ya maelfu ya dola. Mimi nilianza na springi ngumu za mbele. Gari likawa linaruka kama mbuzi na bado halishiki barabara. Siku nilipolipiga jeki, nikashika tairi juu na chini nikatikisa: klo, klo, klo. Boljointi zilikuwa zimekwisha kitambo. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa faida unayopata kwa kila dola, si kwa uzuri wa kitu kwenye picha.

1. Tairi, mpira uliochoka, na alaimenti

Gari hili lilitoka kiwandani na tairi za zamani zisizo rediali, na vipimo vya alaimenti viliwekwa kwa ajili ya tairi hizo. Ukifunga rediali kisha fundi akafuata kitabu cha 1966, umepoteza nusu ya faida. Mwambie aweke kasta (mlalo wa mhimili wa usukani, ukitazama gari ubavuni) digrii 2 hadi 3 chanya, kemba (mlalo wa tairi, ukilitazama gari kwa mbele) nusu digrii hasi, na tairi za mbele zielekee ndani kwa inchi 1/8. Mwandikie kwenye karatasi, maana kompyuta yake itamwonyesha vipimo vya zamani. Rimu za inchi 15 zenye tairi 205/60 kwa kawaida huingia bila kugusa madigadi, na chaguo la tairi ni pana kuliko la inchi 14.

Kabla ya alaimenti, badilisha boljointi, bushi za amu (mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu) na ncha za tairodi. Tahadhari moja: kuna fimbo inayotoka amu ya chini kwenda mbele kwenye chasisi. Usiifungie bushi ngumu za poliyurethani, kwa sababu inanyimwa nafasi ya kucheza na hukatika. Hapo baki na mpira wa kawaida.

Na hesabu nati za gurudumu kabla ya kuagiza chochote. Yenye silinda 6 ina nati 4, ya V8 ina 5, na vipuri vingi vya mbele havibadilishani.

2. Kushusha amu ya juu

Hii karibu ni bure, na ndiyo niipendayo kuliko zote. Mhandisi wa Ford, Klaus Arning, alipiga hesabu kwamba amu ya juu ikishushwa inchi 1, tairi la nje kwenye kona halipinduki tena kuegemea ukingo wake, linakanyaga lami inavyotakiwa. Carroll Shelby, mtengenezaji wa magari ya mashindano, aliitumia kwenye GT350 ya 1965, Mustang aliyoiongezea makali. Katika mwaka wa 1966, walipobana gharama, wakaiacha, kwa sababu ilikula muda wa fundi.

Kazi yenyewe ni kutoboa matundu mawili mapya kila upande kwa kufuata kipande cha bati cha kupimia, ambacho huuzwa kwa bei ndogo. Drili nzuri, biti kali, subira. Lakini springi lazima itoke kwanza, na springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Azima au kodi kifaa cha kuibania cha aina sahihi. Ukiwa humo ndani, funga viti vya springi vyenye beringi badala ya vile vya mpira, uone pua inavyopanda na kushuka kwa ulaini.

3. Shokapu na stabilaiza ya mbele

Stabilaiza ya inchi 1 ndiyo Shelby aliyoichagua, na bado inatosha. Inapunguza kulala bila kuligeuza gari kuwa mkokoteni. Kwenye shokapu usibane sana mkono: Koni au Bilstein zinagharimu zaidi, ila mgongo wako utakushukuru. Zile za gesi za bei ya chini hukaza gari hadi kila kiungo cha lami unakihesabu.

4. Kukaza bodi

Mustang haina chasisi kamili. Ya mbele na ya nyuma ni vipande viwili visivyokutana, bodi ndiyo inayovishikilia. Vyuma vya kuviunganisha vinachomelewa chini ya sakafu. Chini ya boneti, funga bamba la pembetatu lililotengenezwa kwa magari ya kuuzwa nje yenye barabara mbovu, pamoja na fimbo inayounganisha minara ya shokapu, yaani sehemu za bodi zinazoshika ncha za juu za shokapu za mbele. Kama kuna kutu au nyufa kwenye minara hiyo, tibu hizo kwanza.

5. Springi

Mbele, zile zenye ugumu wa pauni 620 kwa inchi ndizo maarufu. Kwa safari za kawaida chukua laini zaidi. Nyuma, springi za bapa mpya zinatosha. Za zamani huwa zimekwishalala.

6. Seti kamili ya kisasa

Springi na shokapu za pamoja zinazorekebishika ni nzuri kweli, kwa anayekwenda uwanja wa mashindano. Ile ya kukata minara na kufunga miguu ya mbele ya mtindo wa Mustang II (Mustang ya miaka ya 1970) siipendekezi: ukishakata, huwezi tena kurudi nyuma. Kama una injini ya V8 ya 289 ya kawaida na matembezi ya Jumapili, pesa hiyo nunulia breki za diski za mbele, maana ukishamaliza namba 1 hadi 3 utakuwa unafika kwenye kona kwa kasi ambayo zile za ngoma hazikuizoea.