Bastola Fupi za Fremu ya Chuma: Ipi Inamfaa Mlenga Shabaha Mzoefu

Anayenunua bastola yake ya kwanza kwa kawaida hushauriwa achukue yenye fremu (mwili wa bastola) ya plastiki, kwa kuwa ni nyepesi, haishiki kutu kwa urahisi na haidai matunzo mengi. Ushauri huo ni mzuri na sina sababu ya kuupinga. Mwongozo huu, hata hivyo, ni wa mtu aliyekwisha kupita hatua hiyo: mwenye leseni, anayeifahamu mikono yake, aliyezoea kupiga shabaha mara kwa mara, na ambaye sasa anatafuta bastola fupi ya nusu otomatiki iliyotengenezwa kwa chuma kitupu. Nimezipanga kwa kigezo kimoja tu, nacho ni iwapo mwenyewe ataipiga vizuri hata baada ya mkono kuchoka, na bado akakubali kuibeba siku nzima. Bastola nyingi za aina hii hushinda nusu moja ya kigezo hicho na kushindwa nusu ya pili.

Tuanze na uzito, maana ndio unaowavuta wanunuzi. Risasi ikitoka, msukumo unaorudi nyuma ni uleule kwa bastola nyepesi na nzito, lakini nzito hurudi polepole zaidi. Bastola ya gramu 900 ikilinganishwa na ya gramu 600, kwa risasi ileile, nishati ya teke lake hupungua kwa theluthi moja. Faida hiyo ni ya kweli, na huonekana hasa pale unapotaka lengeo la mbele lirudi mahali pake upesi kwa ajili ya risasi ya pili. Gharama yake huonekana kiunoni. Risasi moja ya milimita 9 ina uzito wa gramu 12 hivi, kwa hiyo bastola ya gramu 920 ikijazwa risasi 14 inapita kilo 1, na mkanda wa kawaida wa suruali hauwezi kuushika mzigo huo bila kulegea. Asiyekuwa tayari kununua mkanda mgumu na mkoba mzuri wa bastola kwa wakati mmoja asinunue bastola ya chuma.

Ufupi nao una masharti yake. Umbali kati ya malengeo mawili ukipungua, kosa lilelile la jicho huzaa kosa kubwa zaidi kwenye shabaha. Malengeo yaliyoachana kwa milimita 150 yakipishana kwa milimita 1, risasi hukosea kwa milimita 100 kwenye umbali wa mita 15. Yakiwa yameachana kwa milimita 125, hukosea kwa milimita 120. Mlenga shabaha mzoefu anaweza kuishi na tofauti hiyo. Asichoweza kuishi nacho ni kifyatulio kisichoufaa mkono wake, na hapo ndipo ninapomsihi mnunuzi atumie muda wake mwingi.

Toa magazini, vuta slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma bastola inapopigwa) hadi mwisho, tazama chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalokaliwa na risasi, kwa jicho kisha uipapase kwa kidole kidogo ili kuhakikisha hakuna risasi. Elekeza mtutu mahali salama. Sasa shika mpini juu kabisa, bonde lililo kati ya kidole gumba na cha shahada likibana chini ya mkia wa fremu, na hakikisha mtutu umenyooka sambamba na mfupa wa mkono. Bila kuuhamisha mkono, weka nyama ya ncha ya kidole juu ya kifyatulio. Iwapo kidole kinafika ncha tu, au iwapo umelazimika kuuzungusha mpini ili kifike, kila risasi ya haraka utakayopiga itaelekea kando, na mazoezi hayatalifuta kosa hilo kabisa. Kwa bastola ambazo kifyatulio ndicho kinachoinua nyundo kwenye mvuto wa kwanza, fanya jaribio hili nyundo ikiwa imelala, kwa sababu hapo kifyatulio kiko mbele zaidi. Wengi hulifanya nyundo ikiwa imeinuliwa, wakaridhika, kisha wakagundua uwanjani kwamba risasi ya kwanza haifuatani na ya pili.

Kwa kigezo hicho, ninaiweka CZ 75 Compact nafasi ya kwanza. Ni toleo fupi la bastola iliyobuniwa na ndugu wawili wa Kicheki, Josef na František Koucký, na kutoka mwaka 1975. Mtutu wake una urefu wa milimita 95 hivi, uzito wake ni gramu 920 hivi, na magazini yake hubeba risasi 14. Kinachoitofautisha ni kwamba slaidi hupita ndani ya reli za fremu, tofauti na bastola nyingi ambazo slaidi huizunguka fremu kwa nje. Kwa mpangilio huo slaidi hukaa chini, karibu na mkono, na bastola hainyanyui mdomo sana inapopigwa. Mpini wake, kwa maoni yangu, ndio uliochongwa vizuri kuliko yote katika orodha hii. Kasoro zake ni mbili. Kwa kuwa slaidi imezama ndani ya fremu, sehemu ya kuishika wakati wa kuivuta ni nyembamba, na mwenye vidole vilivyolowa jasho atalisikia hilo. Pili, toleo lenye kifungio cha usalama halina kitenzo cha kuishusha nyundo. Kuilaza nyundo juu ya risasi iliyo hai kwa kidole gumba ni kazi ambayo siipendi hata kwa mtu mzoefu. Bastola hii inaruhusu nyundo iachwe imeinuliwa na kifungio kikiwa kimepandishwa, na aliyejifunza kuibeba hivyo kwa nidhamu atanufaika na mvuto mfupi tangu risasi ya kwanza.

Nafasi ya pili ninaipa bastola ya mtindo wa 1911 yenye mtutu wa milimita 108, kipimo ambacho kampuni ya Colt iliita Commander. Toleo la kwanza la kipimo hicho lilikuwa na fremu ya alumini. La chuma lilifuata baadaye, na ndilo ninalolizungumzia hapa. Kifyatulio chake husogea nyuma kwa mstari ulionyooka pasipo kuzunguka kwenye pini, na hakuna bastola ya kubebwa inayoweza kukifikia kwa usafi wa mvuto kikiwa kimerekebishwa na fundi anayejua kazi yake. Ni nyembamba pia, jambo linalofidia sehemu ya uzito wake unaokaribia kilo 1. Chagua ya milimita 9 yenye magazini ya risasi 9, ambayo hupiga teke kidogo kuliko ya .45, yaani ya risasi nene zaidi. Ninaiweka ya pili kwa sababu inataka mwenyewe aielewe: kitoa maganda chake hudai kukazwa kwa kipimo sahihi, na magazini mbaya huivuruga upesi. Ninamshauri mnunuzi asishuke chini ya kipimo hiki. Kwenye matoleo ya mtutu wa milimita 89, slaidi husafiri umbali mfupi na kwa kasi zaidi, springi huwa ngumu, na nafasi ya magazini kuipandisha risasi kwa wakati hupungua. Zipo zinazofanya kazi vizuri, lakini nyingi zaidi huwapa wenyewe usumbufu.

SIG P210 ni ndugu wa karibu wa hizo mbili, ingawa mtutu wake ni mrefu kidogo. Ukoo wake unatokana na kazi ya mbunifu Charles Petter, na jeshi la Uswisi liliichukua mwaka 1949. Slaidi yake nayo hupita ndani ya fremu, kifyatulio ni cha mvuto mmoja mfupi, na usahihi wake unajulikana duniani kote. Kama ningekuwa nawapangia wapiga shabaha wa karatasi peke yao, ingeongoza. Hubeba risasi 8, ni ghali kuliko zile mbili, na mwenye kuimiliki huona uchungu kuikwaruza kwenye mkoba. Bastola inayoachwa nyumbani kwa kuhurumiwa haikidhi kigezo nilichokiweka.

Kwa aliyezoea bastola za plastiki zisizo na nyundo ya nje, Walther Q4 katika toleo la fremu ya chuma ndiyo njia rahisi ya kuhama. Ina mtutu wa inchi 4, magazini ya risasi 15, na kifyatulio kinachoachia kwa usafi ambao wengine wa kundi hilo hawaufikii. Hata hivyo uzito wake unazidi kilo 1 kabla ya kujazwa, na kuiita fupi ni kuitendea hisani. Ni bora sana uwanjani na ya wastani kiunoni.

Kahr K9 iko upande wa pili kabisa. Slaidi yake ina upana wa milimita 23 hivi, mtutu ni milimita 89, na risasi ni 7. Mvuto wa kifyatulio ni mrefu lakini laini, wa namna moja kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho, na aliyejifunza kwa rivolva ataupenda mara moja. Ninaiheshimu sana bastola hii. Inabebeka kuliko zote za milimita 9 nilizozitaja, na chuma chake huifanya ivumilike kupigwa, jambo ambalo bastola nyembamba za plastiki za kipimo hicho haziwezi kujivunia.

HK P7 haitengenezwi tena, kwa hiyo ni ya soko la mitumba tu. Mtutu wake umefungwa moja kwa moja kwenye fremu, na gesi inayochepushwa mbele ya chemba husukuma pistoni iliyo chini ya mtutu ili kuichelewesha slaidi. Bastola hujikoki, yaani huwa tayari kupiga, unapoubana mpini, na hali hiyo huondoka unapouachia. Ni kazi ya uhandisi ya kupendeza, ila joto la gesi hupanda kwenye fremu ukipiga magazini kadhaa mfululizo, risasi zenye kichwa cha madini laini ya risasi kisichofunikwa kwa metali ngumu huziba tundu la gesi, na vipuri vinazidi kuadimika. Nunua kwa moyo, lakini uwe na bastola nyingine ya kufanyia mazoezi.

Walther PPK, iliyotoka mwaka 1931, ninaiweka mwisho. Haina mfumo wa kufungana kati ya slaidi na mtutu, hivyo springi ngumu na uzito wa slaidi ndivyo vinavyozuia kila kitu, na teke lake ni kali kuliko unavyotarajia kwa risasi ndogo ya .380. Mwenye mkono mnene huumwa na slaidi kwenye bonde la kidole gumba.

Ukinunua iliyotumika, kagua vitu vichache kwa makini. Tazama mdomo wa mtutu kwa mwanga wa pembeni ukitafuta mikwaruzo. Fungua mbao au plastiki za mpini, maana jasho hupenya humo na kutu huanza mahali ambapo muuzaji hakupangusa. Nyundo ikiwa imeinuliwa na bastola ikiwa tupu, isukume kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, meno yake yameisha na usiichukue. Pindi ifikapo nyumbani badilisha springi ya slaidi hata kama ya zamani inaonekana nzima, kwa sababu bastola fupi huichosha mapema kuliko ndefu, na springi iliyolegea huifanya slaidi igonge fremu kwa nguvu ambayo hata chuma hatimaye hupasuka kwayo.