Kitunguu pori cha Alpi kwa posta: mmea safi, kibandiko hapana

Nyota tatu kati ya tano. Mmea wenyewe ningeupa zote. Mbili nimezikata kwa sababu ya kibandiko chenye jina lisilo lake.

Niliagiza Allium narcissiflorum kwenye kitalu kidogo cha hapa Uskoti kinachouza mimea ya milimani. Ni kitunguu pori cha Alpi za kusini-magharibi, upande wa Ufaransa na Italia, kinachoota kwenye vifusi vya mawe ya chokaa. Mche ulifika umefungwa vizuri, udongo haukumwagika hata chembe. Hapo sina neno.

Mwaka wa kwanza haukutoa ua, na simlaumu muuzaji. Vitunguu hivi vina mwendo wake, anayetaka maua ya haraka anunue petunia. Niliupanda kwenye chungu kirefu cha udongo wa kuchoma, nusu kokoto za chokaa, nikauweka penye jua, mbali na mchirizi wa paa. Ndugu zangu mnaotoka Lushoto kama mimi, msiuhofie baridi: theluji haiudhuru. Yanayouua ni maji yanayotuama mizizini majira ya baridi, na mvua ya Edinburgh mnaijua. Konokono nao hupenda machipukizi. Kokoto huwachelewesha kidogo tu, kinachobaki ni tochi na mkono.

Juni uliofuata ukachanua: kengele nne kubwa, waridi iliyokolea zambarau, zote zimeinama. Maua yakapita, vikonyo vya mbegu vikabaki vimeinama vilevile. Nikashtuka. Narcissiflorum halisi, maua yakishaisha, shingo hunyooka na mbegu hutazama juu. Tena kitunguu chake huvikwa nyuzinyuzi. Nilipobadilisha chungu, huu wangu ulikuwa na ganda jembamba lisilo na unyuzi hata mmoja. Basi ni Allium insubricum, ndugu yake wa milima ya Lombardia, kaskazini mwa Italia, kati ya ziwa Como na ziwa Garda. Kuchanganya hivi viwili ni ugonjwa wa zamani wa vitalu.

Niliwatumia picha. Wakajibu kwa adabu kwamba nao walinunua mche mama kwa jina hilo, wakanipa punguzo kwa oda ijayo. Sawa, lakini kwenye orodha yao ya mauzo jina bado ni lilelile!

Unayetaka ua tu, nunua bila wasiwasi: insubricum hutoa maua machache lakini makubwa zaidi, na halina usumbufu. Unayekusanya aina, omba kwanza picha ya mmea ukiwa na mbegu.