Sungura na Fisi, au mtoto wa mtaani kwetu?

Ukiwa na hela ya kitabu kimoja tu cha mtoto wa darasa la pili au la tatu, utachukua ngano za wanyama au hadithi ya watoto wa leo?

Ngano zina mtaji mkubwa: mtoto alishazisikia. Anajua Sungura ni mjanja na Fisi ni mlafi, kwa hiyo akikwama kwenye neno, kisa chenyewe kinamvusha. Halafu kuna kiitikio. Ukisoma "Paukwa!" darasa zima linajibu "Pakawa!", hata yule asiyejua bado kuunganisha silabi. Ubaya wake ni kwamba matoleo mengi yanakwenda mbio kufikia funzo, na watoto wananusa mahubiri haraka kuliko tunavyodhani.

Hadithi za leo, za daladala, chandimu au mdogo mtu aliyepoteza kiatu, zina mazungumzo mafupi na maneno ya kila siku. Mtoto anacheka kwa kuwa anajiona. Ila nyingine zimeandikwa kama somo la usafi lililovishwa majina ya watu. Hizo ziacheni dukani.

Kwa anayeanza kusoma peke yake, mimi nachukua ya pili. Ya kumsomea usiku, ngano, bila kusita.

Kabla ya kulipa, mpe asome ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vikifika vitano, rudisha kitabu.

Na kama hela hakuna kabisa, African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure mtandaoni.