Nyavu za mbu za dirishani Dar es Salaam: ipi ya kununua na ipi ya kuiacha dukani

Kwa nyumba nyingi za Dar, wavu wa faibaglasi wenye matundu 18 kwa 16 kwenye kila inchi, rangi nyeusi, uliofungwa kwa mpira kwenye fremu inayobanduka, ndio wa kununua. Stenlesi inastahili bei yake sehemu mbili: dirisha la jikoni, na nyumba inayopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Alumini ni ya bara zaidi kuliko ya pwani. Waya wa chuma uliopakwa rangi, ule wa miaka ya zamani, usinunue hata ukipunguziwa bei.

Hata hivyo, wavu mzuri kuliko wote uliofungwa na fundi mwenye haraka haumzuii mbu. Kitambaa chenyewe huharibika mara chache. Mbu, sisimizi na mjusi hupita pembeni, na ndiko tutakakokaa zaidi.

Kwanza matundu. Beba futi kamba dukani. Weka inchi moja juu ya wavu, uhesabu nafasi kati ya uzi na uzi: ziwe 18 upande mmoja na 16 upande wa pili. Uzi wa kawaida una unene wa milimita 0.28 hivi, kwa hiyo tundu linabaki na milimita 1.1 kwa 1.3, na mbu mzima hapiti hapo. Ukihesabu 14 kwa 14, tundu limefika milimita 1.5. Huo ndio ukingo: uzi ukisogea kidogo tu, mbu kaingia. Usubi ni mdogo zaidi na atapenya hata kwenye 18 kwa 16. Upo wavu wa matundu madogo kuliko hayo, ila unabana hewa, na kwa joto la Februari bila feni utajuta.

Suala la hewa ni la kweli, muuzaji asikupuuze. Wavu wa 18 kwa 16 ukiwa msafi umeacha wazi takribani theluthi mbili tu ya eneo lake. Theluthi moja ni uzi. Ukijaa vumbi la barabara na chumvi, uwazi huo unapungua zaidi, na chumba kinakuwa kizito usiku hata kusi ikivuma vizuri nje. Ndiyo maana tunasisitiza fremu inayobanduka: wavu uliopigiliwa misumari nje ya nondo hauoshwi, na usiooshwa mwisho wake hukatwa na kutupwa.

Pili, hakikisha ni faibaglasi kweli. Mitaa ya vifaa vya ujenzi Kariakoo na Gerezani ina marobota ya wavu wa plastiki yanayofanana nayo kwa macho. Omba uzi mmoja wa pembeni uuchome kwa kiberiti. Faibaglasi inaunguza ganda lake la juu na kubakiza uzi mweupe wa kioo usiowaka. Plastiki inayeyuka, inajikunja na kuwa shanga nyeusi. Plastiki hiyo inafaa banda la kuku na bustani ya mchicha, lakini dirishani inalegea kwa joto na kukatika kwa jua. Kisha sukuma ncha ya msumari kati ya nyuzi bila kutoboa. Nyuzi zikiteleza na kufungua mdomo, ina maana hazikushikanishwa vizuri kiwandani kwenye makutano yake. Uache hapo hapo.

Rangi ni suala la kuona nje. Nyeusi haimeti juani, kwa hiyo ukiwa ndani unaona mtaa vizuri zaidi kuliko ukiwa na ya kijivu.

Alumini inauzwa kwa sifa ya kutoshika kutu. Haishiki kutu nyekundu, ni kweli, lakini ukungu wa chumvi unaigeuza unga mweupe. Ubaya mkubwa unakuja inapogusana na chuma: pini za stapla, misumari, nondo za dirisha. Penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona matundu yanaanzia pale pale kwenye pini. Zaidi ya hapo, kidole cha mtoto kikiisukuma inabaki na kishimo moja kwa moja. Dodoma au Iringa, mbali na bahari, malalamiko haya yanapungua sana na alumini inakuwa chaguo la maana.

Stenlesi ina daraja mbili zinazokutana dukani, 304 na 316. Tofauti yao ni madini ya molibdenamu, asilimia 2 hadi 3 ndani ya 316, ambayo ndiyo inayohimili chumvi. Nyumba ya Msasani au Kigamboni iliyo karibu na maji ichukue 316. 304 hapo huanza kuonyesha madoa ya rangi ya chai. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwa sababu zote mbili huvutwa kidogo sana au hazivutwi kabisa. Inasaidia kugundua chuma cha kawaida kilichong'arishwa: sumaku ikinasa kwa nguvu, umedanganywa. Ukishanunua stenlesi usiifunge kwa pini za chuma cha kawaida. Pini zitaota kutu, kutu itachuruzika juu ya wavu, na utadhani wavu ndio mbovu.

Kwa nini jikoni? Kwa sababu ya panya na kunguru. Panya anatafuna faibaglasi kwa usiku mmoja, kwa kawaida kwenye kona ya chini, na tundu lake ni la duara lenye nyuzi zilizokatwa sawasawa. Ukiziba kwa kipande cha faibaglasi nyingine, atarudi. Kunguru wa Dar, yule mwenye shingo ya kijivu, asili yake ni India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, akaenea pwani yote. Akiona dagaa au nyama nyuma ya wavu laini, mdomo wake unatosha kuuchana. Stenlesi inawamaliza wote wawili. Asiyeweza bei yake afunge faibaglasi ndani, na nje aweke waya wa matundu ya robo inchi. Nusu inchi haitoshi, maana panya mdogo wa nyumbani anapita. Kwa tumbili, kama wale wanaozoea nyumba za Nyali kule Mombasa, nusu inchi inatosha, ila waya uwe mnene na uwe nje ya wavu.

Sasa ufungaji. Fremu za alumini zina mfereji mwembamba kuzunguka pande zote, na wavu unabanwa humo kwa mpira wa duara. Kata kipande cha mpira wa zamani uende nacho dukani. Kuchagua mpira kwa kukisia ndio chanzo cha nyavu kuchomoka. Mwembamba utatoka wavu ukisukumwa, mnene utapasua mdomo wa mfereji.

Hesabu ya wavu iende hivi. Dirisha la slaidi la mita 1.2 kwa 1.2 huwa na fremu ya wavu ya nusu, yaani mita 0.6 kwa 1.2. Ongeza sentimita 5 kila upande: unahitaji 0.7 kwa 1.3. Ukichukua robota la upana wa mita 1.5, vipande viwili vinakaa sambamba (mita 1.4) kwenye urefu wa mita 1.3. Madirisha manne yanataka mita 2.6; nunua 3. Ukichukua robota la mita 1.2 kwa sababu ni rahisi kwa mita, kipande cha pili hakikai, na utakuwa umelipa zaidi.

Laza fremu sakafuni, mahali palipo sawa. Chomoa mpira wa zamani kuanzia kona kwa bisibisi, sugua mfereji kwa mswaki mkavu hadi mchanga uishe. Tandaza wavu nyuzi zikienda sambamba na fremu. Ukianza upogo utamaliza upogo. Anza na upande mrefu, kandamiza mpira kwa kigurudumu chake kidogo kwa vipande vya sentimita 20 hivi, halafu upande wa pili unaopakana nao, kisha pande mbili zilizobaki. Kwenye kona tumia bisibisi, kigurudumu hakifiki. Mkono ushike wavu unyooke tu, usiuvute. Mafundi wengi huvuta hadi wavu unalia kama ngoma, na fremu nyembamba inaingia kiuno katikati. Fremu yenye kiuno haigusi reli, na uwazi wake ni mlango wa mbu. Fremu ndefu kuliko mita 1.2 idai ubao wa katikati. Mwisho, kata mabaki kwa wembe ulioelekea nje, mbali na wavu. Vaa glavu na mikono mirefu, kwa sababu vumbi la faibaglasi linawasha ngozi, na usikatie jikoni.

Ukimaliza, angalia mambo mawili kwenye slaidi. La kwanza ni mshono wa wima kati ya fremu ya wavu na kioo. Kioo kikifunguliwa nusu, kunabaki mwanya kati ya ukingo wake na wavu, na unaweza kuingiza kidole. Fungua kioo chote hadi mwisho, au fundi aweke utepe wa manyoya kwenye ukingo huo. Tepe hizo huliwa na jua na kuchakaa. Zikague kila mwaka. La pili ni vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini. Sisimizi wanaingia humo, kwa hiyo watu huviziba kwa silikoni. Masika ikifika, mvua ya upepo inajaza reli, maji yanakosa pa kwenda, yanamwagika chumbani na ukuta unaota ukungu. Usizibe. Bandika kipande kidogo cha wavu ule ule mbele ya kitundu, maji yatoke na mdudu abaki nje. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua za mwanzo, mbawa zao hujaa kwenye reli na kuziba vitundu hivyo usiku mmoja. Zifagie asubuhi kabla hazijalowa.

Mapazia ya sumaku ya mlangoni tuyapite haraka. Yanafaa mlango wa ndani usio na upepo. Mlango unaoelekea kusi hufunuliwa na upepo, na gundi ya nyuma haishiki kwenye rangi ya chokaa wala kwenye unyevu. Ukilazimika, yapigilie kwa misumari midogo ya kofia. Mlango wa fremu wenye springi ya kujifunga ni bora mno, mradi uwazi wa chini uwekewe mpira.

Usisahau juu. Nyumba yenye uwazi kati ya ukuta na bati inaweza kuwa na nyavu kwenye kila dirisha na bado malaria ikaingia, kwa sababu Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hupenda kupita hapo. Ziba kwa wavu uleule uliopigiliwa kwenye vipande vya mbao, na vitundu vya hewa vya bafuni navyo vivyo hivyo. Chandarua kitandani kinabaki pale pale. Na mbu wa mchana mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza dengi iliyolipuka Dar mwaka 2014 na tena 2019, anaweza kuzaliwa ndani ya wavu wako: kwenye sahani ya chungu cha maua, ndoo isiyofunikwa, tenki lenye mfuniko wazi. Kwa joto letu, yai linakuwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo maji hayo yamwagwe kila wiki.

Mjusi utamwona akiwinda juu ya wavu usiku. Mwache, anakula wadudu. Kinyesi chake kinatoka kwa maji. Akiwa ndani, tafuta mwanya wa milimita 5 au zaidi, na mbu wanautumia huo huo. Popo wakila matunda ya mkungu karibu na dirisha, madoa yao yaoshwe siku hiyo hiyo kabla hayajakauka.

Usafi ni maji ya sabuni na brashi laini, kusugua kutoka ndani kwenda nje, kisha maji baridi mengi. Fremu itolewe Februari kabla ya masika na tena Septemba kabla ya vuli. Karibu na bahari, mwagia maji baridi kila mwezi kuondoa chumvi, hata kwa stenlesi. Mpira wa maji wa shinikizo kubwa unatanua matundu, na thina inayeyusha ganda la faibaglasi. Ukipitisha kidole juu ya wavu na unga mweupe unaowasha ukabaki mkononi, ganda limekwisha na nyuzi zimeanza kukatika: kata mita mpya, mpira mpya, fremu ile ile.