Maporomoko ya Mbagathi, msitu wa Oloolua

Kwa anayetaka kuona mto bila safari ndefu kutoka Nairobi, njia ya msitu wa Oloolua, huko Karen, inafaa sana. Anzia kwenye maporomoko, yenye kimo cha takriban mita 6. Mvua kubwa ikinyesha maji hushuka kwa kishindo lakini huwa tope tupu, na mteremko wa kushukia huteleza. Vaa viatu vyenye meno, ndara ziache nyumbani. Masika yakiisha ndipo panapopendeza: maji bado mengi, tope limetulia. Kuna pia pango ambalo inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Ndani ni giza totoro, kwa hivyo beba tochi. Chakula kifunge mkobani, tumbili hawabishi hodi.